Pua ya Chumba cha Saba

Sakafu ya Jengo la Mshikamano ilikuwa imepigwa deki mara mbili asubuhi ile, na fundi Editruda Banzi alilijua hilo kabla hajavuka kizingiti, kwa sababu viatu vyake vya kazi vilianza kuteleza tangu barazani. Wanawake wa jengo lile hawakuwa na mchezo kwenye usafi. Mgeni akija, deki. Mgeni akiondoka, deki. Watoto wakiingia na tope, deki ya tatu, na maji yenyewe si ya kunyunyiza: ndoo nzima inamwagwa kutoka upande wa jikoni na kusukumwa kwa fagio la chelewa mpaka mlango wa mbele.

"Wanatuoshea njia kama maaskofu," alisema Ponsiano, akitua mashine ya kutobolea zege. Alikuwa mtoboaji wake kwa mwaka wa sita sasa, mtu wa tumbo na masihara, aliyeamini hakuna kazi isiyoweza kusukumwa kwa mzaha, hata hii yao.

Editruda alikuwa anatazama juu ya mlango, kwenye kibao cha kijani kilichoandikwa 3.

Kila jengo la Morogoro lilikuwa na kibao cha namna hiyo tangu Sheria ya Pumzi ilipopita. Namba ilieleza ni mvuke kiasi gani unapanda kutoka kwenye udongo ulio chini ya jengo. Mpaka kumi, watu waishi. Ikivuka kumi, jengo linafungwa ndani ya saa sita: milango na madirisha yanajazwa povu linalogeuka jiwe, na wakazi wanapakiwa kwenye malori kwenda Kambi ya Hewa Safi, huko mbugani, ambako hewa ni safi kweli na kingine chochote hakipo. Tatu ilikuwa namba ya kujivunia. Watu walihama mitaa mingine kuja kupanga kwenye tatu.

Namba ile aliiweka pale Editruda mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, na ilikuwa ya uongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo nikuone. Umekonda, Edi, hawakulishi huko?"

Mama Adelina Mloka, mwenyekiti wa jengo, alimkumbatia palepale barazani mbele ya majirani, kwa nguvu, kama anavyokumbatiwa mtoto aliyerudi. Majirani walitabasamu. Hawakujua kwa nini mwenyekiti wao anampenda fundi wa serikali kiasi kile, wala hawakuuliza. Kisa hicho walikijua watu wawili tu, na wote wawili walikuwa wameshikana pale mlangoni.

"Na binti yako Sesilia?" aliuliza Editruda. "Mtoto wake lazima sasa ni mkubwa."

Mama Adelina alijifunga upya kanga yake ingawa haikuwa imelegea.

"Sesilia hatunaye. Mwaka juzi, katikati ya Kwaresima. Ini."

"Ini?"

"Ndivyo walivyosema. Alianza macho kuwa manjano, tukasema malaria. Halafu tumbo likajaa maji. Siku arobaini tu, mwanangu." Alitazama sakafu inayong'aa. "Na si yeye peke yake. Yule bwana wa chumba cha nne naye ini. Mama Pacha wa chumba cha kumi, ini. Tungekuwa kwenye jengo baya ningesema ni ardhi. Lakini sisi ni tatu."

Editruda alisema pole. Alisema tena, pole sana mama. Alijisikia kutaka kukaa chini palepale kwenye maji.

*

Kabla ya nyumba, uwanja ule ulikuwa karakana ya kusafishia vyuma vya injini. Vyuma vilioshwa kwa dawa kali ya kuondoa grisi, na dawa iliyotumika ilimwagwa nyuma ya ukuta, ikazama. Karakana ilipokufa, wataalamu walileta walaji, vijidudu vilivyofinyangwa maabara ili viitafune sumu ile ardhini mpaka iishe. Na walaji walikula kweli. Tatizo lilikuwa pale walipokosa hewa. Jengo linapokaa juu yao kama kifuniko cha sufuria, hawamalizi chakula. Wanakivunja nusu na kutoa mvuke mwingine, mbaya kuliko sumu yenyewe, wenye harufu tamu kidogo ambayo mtu huizoea kwa siku mbili. Mvuke huo hupenya kwenye nyufa za sakafu, na ukishaingia mwilini hukimbilia ini.

Ndiyo maana zikatengenezwa pua. Pua ni bomba jembamba la chuma, urefu wa kiganja, lenye matundu upande wa chini. Mtoboaji anatoboa zege hadi kwenye udongo. Fundi anashusha pua, anaizungushia mchanga safi ili ipumue, halafu juu ya mchanga anaweka udongo wa kuvimba. Udongo huo huja mkavu, vipande kama kokoto ndogo. Ukiumwagia maji kidogo kidogo unavimba na kuziba shimo kabisa, ili pua inuse ardhi na si chumba. Pua ikishafungwa hupeleka namba yake mara moja tu, moja kwa moja Mamlaka ya Hewa, kisha huacha kutuma, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuigusa namba hiyo njiani.

Watu wa Mamlaka walipenda kusema kwamba mashine haidanganyi. Ni kweli. Lakini mikono ya anayeifukia inaweza.

Miaka kumi na moja nyuma, pua ya majaribio ilitoa kumi na mbili. Mbili tu juu ya mstari. Editruda alikuwa na miaka thelathini, na mwezi mmoja kabla alikuwa amekwenda kambini kuwatazama watu wa jengo la kwanza alilolifungisha. Aliyoyaona kule hakuwahi kumsimulia mtu. Kisha Mama Adelina akamfuata hapohapo alipochuchumaa, akapiga magoti, akamshika miguu. Sesilia alikuwa amebakiza juma moja kujifungua. "Atazalia wapi, mwanangu? Kwenye hema? Mbili ni nini? Mbili ni kitu gani?"

Basi udongo wa kuvimba akaumimina mkavu, pua zote nne. Hewa ya vyumba ikashuka katikati ya vipande, pua zikanusa harufu ya maharage na sabuni, na Mamlaka ikapokea tatu. Jaribio la kuvuja, lile la kufunika beseni na kujaza heliamu chini yake ili kuona kama pua itainyonya kutoka juu, alilifanya bila kufungua koki ya heliamu. Akafunika mashimo kwa vifuniko vya bati. Sheria ilisema jengo lililofaulu halipimwi tena kwa miaka kumi, na zamu ya jengo hili ilichelewa mwaka mmoja.

Alikwenda nyumbani siku ile akalala usingizi mzuri. Huruma ina raha yake.

*

"Hii imeng'ang'ania," alisema Ponsiano.

Walikuwa chumba cha saba, chumba cha Mama Adelina, wamesogeza kitanda ili kung'oa pua kuukuu kabla ya kuweka mpya. Pua tatu za vyumba vingine zilikuwa zimetoka vipande vipande, zimekatika kwa kutu, hazina hata cha kutazama. Hii ya saba Ponsiano aliivuta kwa koleo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Editruda alipiga magoti akamulika shimo. Udongo wa kuvimba, aliouacha mkavu kama njugu, ulikuwa mmoja sasa, wa kijivu, laini, umejaa shimo lote bila upenyo. Alichovya kidole. Ulikuwa na unyevu.

Nje, mtu alikuwa anasukuma maji kwa fagio la chelewa, na maji yalikuja yakapita chini ya mlango, yakazunguka mguu wa kitanda, yakasimama kando ya shimo, kisha yakaanza kuingia.

"Lete bisibisi," alisema. "Tuchimbe kuizunguka. Usiivunje."

Ilitoka nzima. Ndani ya kila pua mna kijiti cheupe ambacho mafundi wanakiita moyo. Moyo hunywa mvuke, tabaka juu ya tabaka, mwezi kwa mwezi, hata pua ikishaacha kutuma namba. Mwongozo ulisema pua kuukuu ing'olewe itupwe. Hakuna aliyewahi kusoma moyo wa jengo lililofaulu. Jengo lililofaulu lina nini cha kusema?

Editruda aliubeba hadi kwenye gari, akafunga vioo, akauingiza kwenye kisomaji.

Miezi mitatu ya kwanza: tatu, tatu, tatu. Mwezi wa nne, tisa. Mwezi wa tano, kumi na mbili. Kisha thelathini, hamsini, tisini. Walaji walikuwa wameongezeka mwaka hadi mwaka chini ya kifuniko chao. Mwezi uliopita ulisomeka mia moja sabini na nane.

Alielewa yote kwa mara moja, na alitamani angekuwa mjinga. Deki. Ndoo kwa ndoo, asubuhi na jioni, wanawake hawa wasafi waliumwagia maji ule udongo aliouacha mkavu, wakaifanya kazi ambayo yeye fundi hakuifanya. Katika miezi mitatu uongo wake ulikuwa umejirekebisha wenyewe. Tangu hapo pua ya chumba cha saba ilikuwa inanusa ukweli na kuuandika, kila mwezi, chini ya kitanda alichokuwa akilala Sesilia. Na hakuna mtu aliyeitazama, kwa sababu juu ya mlango pameandikwa tatu.

Ponsiano alifungua mlango wa gari akaingia upande wa pili. Aliitazama ile skrini, akamtazama Editruda.

"Jengo hili lilikuwa kazi yako."

"Ndiyo."

"Ulikosea?"

"Sikukosea."

Ponsiano alifunga mlango wa gari.

"Sikiliza, dada," alisema polepole. "Pua mpya tukizifunga vizuri, kesho jengo litafungwa. Hilo haliepukiki na ni haki. Watasema walaji wameamka karibuni. Huo moyo, mwongozo unasema utupwe. Pipa lile pale. Wewe hufanyi kosa lolote, unafuata mwongozo."

"Na kifungu cha tisa?"

Ponsiano alitazama nje. Alikijua kifungu cha tisa kama fundi yeyote anavyokijua. Mwenye ushahidi kwamba amevuta mvuke zaidi ya miaka mitano hapelekwi mbugani. Anapelekwa hospitali ya rufaa na kuingizwa kwenye tiba ya ini, ambayo ikianza kabla macho hayajageuka manjano huwa inaponya. Asiye na ushahidi anapelekwa kambini na kupewa vidonge vya maumivu, kwa kuwa vitanda ni vichache. Ndani ya jengo lile walikuwamo watu mia moja na kumi na wawili.

"Miaka ishirini, Edi," alisema Ponsiano. "Kwa fundi aliyeharibu pua kwa makusudi wanatoa ishirini, na haipungui hata siku."

*

Mchana Mama Adelina aliwaandalia ndizi za kupika kwa maharage, na pilipili ya kuponda pembeni. Ponsiano alikula barazani. Editruda aliitwa ndani, chumba cha saba, na sahani ikawekwa mbele yake kwenye mkeka, nusu hatua kutoka kwenye shimo jipya.

Fausta, mtoto wa Sesilia, alikuwa amekaa kitandani anashona kifungo. Miaka kumi na moja kasoro siku chache. Alikuwa na paji la uso la mama yake. Editruda alimtazama macho. Yalikuwa meupe bado.

"Nenda kwa Mama Pacha ukaombe chumvi," bibi yake alimwambia.

"Bibi, Mama Pacha si alishafariki?"

"Kwa mume wake basi. Nenda."

Mtoto alipotoka, Mama Adelina alisogea karibu akashusha sauti.

"Mwanangu, mimi si mtu wa kuzunguka. Utatufanyia kama siku ile. Nimeona udongo wenu umekaa kwenye ndoo, mkavu. Uache vivyo hivyo. Mimi sasa nimezeeka, nikipelekwa mbugani huyu mtoto atalelewa na nani?"

Editruda aliisogeza sahani. Alikuwa amejiambia kwamba atamweleza taratibu, kwa kuzunguka, kama watu wanavyopeleka habari ya msiba. Lakini hakupata njia ya kuzunguka. Aliutoa ule moyo mfukoni akauweka kwenye mkeka kati yao, akamweleza: walaji, udongo mkavu, maji ya deki, namba mwezi kwa mwezi. Alitaja na mwezi ambao Sesilia alifariki. Mia moja arobaini na moja.

Mama Adelina alikuwa anakitazama kile kijiti.

"Maji yetu ya deki," alisema.

"Ndiyo mama."

"Chumba hiki alikuwa anapiga yeye. Mimi goti liliharibika."

Halafu akauliza lile ambalo Editruda alikuwa analiogopa tangu asubuhi.

"Ungeumwagia maji siku ile. Sesilia angekuwepo?"

Kulikuwa na jibu jepesi, na lilikuwa mdomoni tayari: sijui, mama, hayo ni ya Mungu. Editruda alilimeza.

"Angekuwepo. Kambini, kwa taabu. Lakini ini lake lingekuwa zima."

Mama Adelina aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia.

"Nilikushika miguu," alisema.

"Nami nilikuwa na akili zangu. Mimi ndiye fundi."

"Nilikushika miguu, Edi. Nilikwambia mbili ni kitu gani." Mkono wake ulikwenda kwenye kile kijiti, ukarudi bila kukigusa. "Kitupe. Nakuomba. Watu wote hawa nimewazikia. Nimemwosha Mama Pacha kwa mikono hii. Watauliza nani aliomba, nami nitasema nini?"

"Nikikitupa, Fausta anakwenda mbugani na vidonge vya maumivu."

Mama Adelina alifunga macho.

"Na kikionekana?"

"Anatibiwa. Nanyi nyote."

"Basi nitasimama mimi niseme. Mimi ndiye niliyeomba, nifungwe."

"Aliyeomba anafungwa sawa na aliyetenda, mama. Na Fausta atapanda hilo lori na nani?"

Mama Adelina alivuta kanga akajifunika uso, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika, na Editruda alikaa pale na mikono yake mapajani, hana haki hata ya kumshika bega. Fausta aliporudi na chumvi kwenye karatasi, bibi yake alimwambia ni pilipili iliyomwingia machoni.

Alasiri Editruda alijaza mashimo manne. Udongo wa kuvimba aliuweka safu kwa safu, vidole viwili kila safu, na kila safu akainywesha kwa kikombe kidogo, akasubiri, akabonyeza kwa kijiti, akanywesha tena. Ponsiano alisimama mlangoni akimtazama. Kazi ya saa moja ilimchukua saa tatu, na haikuwahi kufanywa vizuri kuliko siku ile.

*

Udongo ulipewa usiku kucha ukae. Kesho yake saa tatu asubuhi alifunika beseni juu ya kila pua, akafungua koki ya heliamu mpaka mwisho, akapima. Hakuna hata chembe iliyopenya. Kisha akazivuta pua pumzi tatu za kuondoa hewa ya bombani, akaziachia zitume.

Kibao cha juu ya mlango kilizimika kwa muda mfupi, kikawaka chekundu. 181.

Walioanza kukiona ni wale waliokuwa wanatandika mitumba barazani. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanaume mmoja alisoma namba ile kwa sauti, akasita, akaisoma tena kama anayedhani amekosea tarakimu. Halafu wanawake wakaanza kuingia ndani kutoa masufuria.

Afisa Kunambi wa Mamlaka alifika saa sita na malori manne, askari na gari la povu. Alikuwa kijana nadhifu mwenye daftari la kioo mkononi na adabu za kuchoka.

"Pole na kazi, fundi Banzi. Walaji wapya, eti? Naona wameamka kwa kishindo."

"Si wapya," alisema Editruda, na akampa ule moyo.

Alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu. Yaliyotoka yalikuwa machache, na aliyasema wakazi wakiwa wamesimama na magodoro yao, maana hakutaka wayasikie kwa mtu mwingine. Jengo hili halikuwahi kuwa tatu. Yeye ndiye aliyeacha udongo mkavu. Wamevuta mvuke miaka kumi na moja, na ushahidi ndio huo hapo mkononi mwa afisa. Wapelekwe wote hospitali, wasikubali kuachwa.

Kunambi aliuingiza moyo kwenye kisomaji chake. Alisoma mpaka mwisho. Uchovu ukamtoka usoni.

"Kifungu cha tisa," aliwaambia wasaidizi wake. "Wote. Ita hospitali." Kisha akamgeukia Editruda, na hakumwita tena fundi. "Kuna swali ambalo sheria inanilazimisha nikuulize. Nani alikuomba ufanye hivi?"

Mama Adelina alikuwa mbele ya umati, karibu sana. Alikuwa amefungua mdomo. Editruda aliona neno linakuja. Pembeni yake Fausta alikuwa amembeba kuku chini ya kwapa, na mkono mwingine umeshika pindo la kanga ya bibi yake.

"Hakuna aliyeniomba," alisema Editruda. "Nilikuwa mvivu. Udongo ule unachosha kuunywesha, nikaacha."

Mdomo wa Mama Adelina ulifumba.

Afisa aliandika. Nyuma yake watu walikuwa wameanza kuelewa, mmoja mmoja, na sauti ikaanza kupanda kutoka chini, ya wanawake kwanza. Uvivu. Mume wa Mama Pacha alisema neno hilo mara mbili na kukaa chini juu ya godoro lake. Jiwe moja dogo lilirushwa likagonga bati la gari. Askari wawili walimshika Editruda mikono, si kwa ukali.

"Mpisheni mwenyekiti," mama mmoja alisema. "Mpisheni mama wa marehemu. Yeye ana haki kuliko sisi sote. Mama Sesilia, njoo. Si huyu uliyekuwa unamkumbatia? Si huyu uliyempikia jana? Amekuulia mwanao kwa uvivu."

Walimpisha. Walimsukuma kidogo, kwa upendo, viganja mgongoni mwake, kama anavyosukumwa mfiwa kwenda kutupa udongo. Mama Adelina akajikuta amesimama ana kwa ana na Editruda, na jengo zima nyuma yake linangoja.

Asingeweza kugeuka. Akigeuka wangeuliza kwa nini. Editruda alilijua hilo, akainua uso wake kidogo ili iwe rahisi.

Kofi lilikuja kwa mkono wa kulia, na la pili kwa huohuo, na la tatu. Mama Adelina alipiga kwa nguvu zake zote, kila mara akitoa sauti ndogo ya maumivu kana kwamba anayepigwa ni yeye, na hakuna aliyeshangaa, kwani alikuwa mama aliyefiwa. Askari ndio waliomzuia la nne.

"Inatosha, mama," alisema mmoja. "Tutakuandika. Jina?"

Mama Adelina alikuwa anahema. Alikitazama kiganja chake kilichovimba.

"Andika Fausta kwanza," alisema.

Kisha akataja jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi kwa sababu askari alikosea, akamshika mjukuu wake mkono, na kwenda kupanga foleni ya lori.